Aliyeshika Wembe

14 Juni

Mdogo wangu,

Habari za huko chini ya mlima? Sisi hatujambo, ila Mama anahema juu juu kama kawaida yake baridi ikianza. Anakusalimia sana. Anauliza kama mnalala kwenye godoro au kwenye mbao tupu. Nimemwambia godoro. Kama nimedanganya, dhambi iandikwe kwako.

Mimi nipo na mashine yangu ya kufuma hapa ukumbini kutwa kucha. Nimepata oda ya shule, sweta mia moja na arobaini za kijani, za kukabidhi Januari wakifungua. Nyuzi nimekopa, mkono ninao, mashine ninayo. Nikimaliza hiyo oda, dawa za Mama za mwaka mzima zimepatikana, na pengine hata bati la jikoni. Kwa hiyo ukiniota, niote nimeinama.

Sasa, Jumanne Mama alibanwa kifua asubuhi. Nikachukua funguo za gari lako, nikavua turubai, nikampeleka hospitali. Najua ulisema lipumzike, lakini pumzi ya Mama haikuwa na muda wa kupumzika. Akapewa mvuke, akatoka anauliza chakula. Wakati tunaondoka, pale getini palikuwa na foleni, gari letu na la mbele yetu yakagusana. Si kitu kikubwa. Letu limevunjika taa moja na bampa limelegea. Lake ni jipya, limebonyea nyuma. Mwenyewe ni daktari wa meno, mtu mpole kupita kiasi. Alisema nisijitese, ana bima kubwa, watamtengenezea.

Basi, naomba kitu kimoja. Trafiki anataka cheti cha bima ya gari letu. Kile kibandiko cha kwenye kioo kimeungua na jua, hakisomeki. Nitumie namba na jina la kampuni.

Mama anasema ule, usijidai shujaa.

Dada yako

2 Julai

Dada yangu, shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako.

Mwambie godoro lipo, ila limezaliwa kabla yangu. Barua yako imenifikia jana. Huku simu hazishiki hata ukipanda juu ya tangi la maji, na barua zinakuja na lori la mahitaji, mara mbili kwa mwezi likiamka vizuri. Tunachimba handaki la kupitisha maji. Mimi nachomelea vyuma vya kushikilia paa la mwamba lisitudondokee, kwa hiyo wenzangu wakiwa wazima jua ni kwa mkono wa mdogo wako. Msimamizi wetu anapiga kelele tangu alfajiri, tumembatiza Honi. Macho yananiwasha kidogo, chakula kipo, tunashukuru.

Nimefurahi Mama amepona. Hilo la gari lisikunyime usingizi, chuma hutengenezwa. Karatasi za bima zipo kwenye vitu vyangu, nikitulia nitazitafuta. Mwambie trafiki mwenye gari yuko mbali.

Jambo moja tu la maana, Dada. Watu wa bima wakikujia, usiandike chochote wala usisaini chochote. Nakujua wewe kwa heshima zako. Wale ukiwapa neno moja wanalipigilia ukutani.

Sweta mia na arobaini? Kweli wewe si mtu, wewe ni kiwanda.

Mdogo wako

21 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba, na Mama naye amesema marahaba, kisha akauliza macho yanawasha kwa nini. Usimwandikie mambo ya macho tena.

Nimesoma barua yako. Umeniandikia habari za godoro, tangi, Honi na macho. Nilichouliza hukukijibu. Marehemu Baba hakukosea kukuita Bwana Kesho. Trafiki hakuisubiri hiyo kesho yako, nimelipa faini kwa hela ya nyuzi.

Lakini faini ni mdomo tu wa hili jambo. Imekuja barua ya kampuni ya bima ya daktari, ina majina mawili, lako kama mwenye gari na langu kama dereva. Niliisoma mara mbili, ya tatu nikamwita jirani yetu mwalimu anisomee. Maana yake ni kwamba wao wamemlipa daktari gharama zake zote, na sasa wanatugeukia sisi tuwarudishie. Tungekuwa na bima, bima yetu ingeongea na bima yao, wakubwa kwa wakubwa. Kama hatuna, wanaongea na sisi.

Wameorodhesha bampa, taa, mlango wa buti, rangi. Gari la kukodi siku kumi na tisa, maana daktari hawezi kwenda kung'oa meno kwa miguu. Mthamini aliyekuja kutazama. Mpaka gharama ya kuandika hiyo barua yenyewe ya kutudai. Jumla yake ukiuza gari lako, ukaongeza na mashine yangu, bado tunabaki tunadaiwa.

Wametoa siku ishirini na moja tangu tarehe ya barua. Imekaa posta siku nane. Hii yangu itakapokufikia, siku zitakuwa zimekwisha zote.

Nilikwenda kwa daktari mwenyewe. Alinipokea vizuri. Chumba hakikuwa na kiti kingine, akanikalisha kwenye kile cha wagonjwa, na kile kiti hakikubali mtu akae wima. Akaniambia kwa upole kwamba haki zake zote alishazisaini kwa kampuni na jambo si lake tena. Nimeomba nikiwa nimelala chali, mdogo wangu, natazama taa.

Una bima au huna? Neno moja linatosha.

Dada yako

9 Agosti

Dada, shikamoo. Mama hajambo? Huku tunaendelea. Wiki iliyopita mwamba ulishuka kidogo, hakuna aliyeumia.

Neno lenyewe ni hili: sina. Iliisha mwezi wa pili, ikanipita.

Lakini na mimi niulize. Gari nililifunika turubai kwa mikono yangu nikasema lipumzike. Sikulifunika kwa sababu linaona baridi. Nani alikuambia ulitoe? Teksi zimekwisha mjini? Ungeniuliza. Sasa mimi niko chini ya ardhi na jina langu liko juu ya barua ya watu nisiowajua.

Basi, tusiparurane, tutachekwa. La kufanya ni kuwakatalia. Waambie daktari alifunga breki ghafla, au alirudi nyuma. Nani aliona? Neno lake na neno lako, basi. Hawana ushahidi wowote. Kaza uso, usiombe, ukiomba tu umekwisha.

Mdogo wako

27 Agosti

Mdogo wangu,

Sikutaka kujibu siku ile nilipoipata barua yako, nikaogopa kalamu ingechana karatasi. Unauliza nani aliniambia. Midomo ya Mama iliniambia. Ilikuwa imegeuka rangi. Teksi niliita, ikasema iko njiani, na njia yake sijui ilikuwa ya wapi. Siku nyingine nitakuandikia kwanza, nisubiri lori la mahitaji liniletee ruhusa. Mama hajambo sasa, anakusalimia, wala hajui chochote, na usimwambie.

Sasa nisikilize. Unasema niseme daktari alirudi nyuma. Daktari alirudi nyuma kweli. Kulikuwa na gari la wagonjwa linataka kuingia, walio mbele wakarudi, na yeye akarudi bila kuangalia. Mimi nilikuwa nimesimama. Nilipiga honi. Nilikuwa nimesimama kabisa, mguu juu ya breki, Mama nyuma amelala.

Najua utauliza mbona hukusema. Sikusema kwa sababu nilikuwa nimeshaharibu.

Unakumbuka sheria ya Baba kule kinyozini. Mtu akikatwa sikio, aliyeshika wembe ndiye anaomba radhi kwanza, hata kama mteja ndiye aliyetikisa kichwa. Kwanza radhi, ubishi baadaye. Ametulea hivyo, na ndivyo alivyokaa na wembe shingoni mwa watu miaka thelathini bila adui. Siku ile mimi nilikuwa nimeshika usukani, na mtoto wa daktari, binti wa kama miaka mitano, alikuwa analia kwa kishindo. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Nikachukua karatasi nzuri, nikaandika kwa mwandiko wangu bora, "Daktari, nisamehe sana kwa yaliyotokea, kosa ni langu, nimekuharibia gari na kumtisha mtoto." Tarehe, jina, saini. Nikaifunga pamoja na sweta dogo la njano la yule binti, nikapeleka mwenyewe. Nilitegemea aseme, hapana mama, kosa ni langu mimi. Ndivyo inavyojibiwa. Akasema ahsante, akasifu sweta.

Wiki iliyopita nimekwenda kwenye kampuni kuwakatalia, uso nimeukaza kama ulivyosema. Binti wa dirishani akafungua faili, akatoa nakala ya barua yangu. Wameipigia mstari wa njano pale penye "kosa ni langu".

"Hii si barua yako, mama?"

"Ni yangu."

"Basi mama, sisi tunafuata ulichoandika wewe."

Nikamweleza habari ya wembe. Alinisikiliza mpaka mwisho, sijui kwa huruma au kwa kuwa foleni ilikuwa fupi. Akasema hiyo haipo kwenye fomu.

Na lingine, silisemi kwa ugomvi. Mwezi wa kwanza nilikupa pesa ya bima mkononi mwako, hapa hapa ukumbini, ukaihesabu. Siulizi. Nasema tu kwamba nakumbuka.

Dada yako

16 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne.

Haikunipita. Pesa yako sikuipeleka kwenye bima. Kazi hii niliipata kwa pesa ile. Honi alikuwa anaandika majina kule mjini, watu mia mbili mbele yake, na aliyeandikwa ni aliyeacha kitu kwenye daftari. Nikaacha pesa ya bima ndani ya daftari. Nikajiambia nitakapolipwa mshahara wa kwanza nitairudisha, gari litakuwa limefunikwa, hakuna atakayejua. Mshahara wa kwanza Honi akakata, wa pili akakata, mpaka leo anakata theluthi. Ndiyo maana nilikuwa nakutumia kidogo na kukuandikia vichekesho vingi.

Nisamehe, Dada. Nilikuuliza nani alikuambia ulitoe gari, na huku mimi ndiye niliyeliacha uchi. Nilisoma pale uliposimama na mguu juu ya breki nikatoka nje ya bweni nikakaa kwenye mawe. Kama ningelipa, barua yako ya radhi ingekuwa karatasi tu, bima ingebishana na bima, na wewe ungekuwa unafuma.

Waombe tulipe kidogo kidogo. Mimi nafanya kazi, nitalipa. Waambie kaka yako, ah, mdogo wako, ana kazi.

Mdogo wako

25 Oktoba

Dada, shikamoo.

Lori limekuja mara mbili, wenzangu wamepata barua, mimi sina. Nimemuuliza dereva kama alipekua vizuri mfuko, akanitukana. Mama ni mzima? Kama umekasirika, andika "nimekasirika" na utume, nitashukuru. Kimya cha namna hii kinanitia hofu kuliko matusi.

Mdogo wako

12 Novemba

Mdogo wangu,

Mama ni mzima. Nimekasirika. Haya, umepata vyote viwili.

Lori halikukosea, nilinyamaza mwenyewe. Pesa ile niliipata kwa sweta thelathini na moja, nilizihesabu tena kichwani kila siku nilipokaa kwenye mashine. Halafu nikawaza, ungekaa mjini bila kazi ningekusema nini? Ningekusema huna kazi. Basi nimechoka kukukasirikia, ingawa haijaisha yote.

Tumeshtakiwa. Wito wako ulikuja hapa nyumbani, nikausaini mimi, maana waliniambia mtu mzima yeyote wa nyumba anasaini. Tarehe ilikuwa siku kumi mbele. Asiyekuwepo na lake halipo, kwa hiyo lako halikuwepo. Nilikwenda peke yangu na lile gauni la msiba wa Baba.

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Akaniuliza nani alimgonga mwenzake. Nikasema yeye alirudi nyuma akanigonga nimesimama. Akainua barua yangu.

"Hii uliandika kwa hiari yako?"

"Ndiyo."

"Sasa kama alikugonga yeye, mbona umeandika kosa ni lako?"

"Gari lake ndilo lililoumia zaidi, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Hata mimi nilitaka kucheka, mdogo wangu, midomo ikakataa. Ningesema nililazimishwa, au mwandiko si wangu, labda ingesaidia. Lakini barua ni yangu, na niliyaandika yale nikiyamaanisha. Ningewezaje kuikana mbele ya watu? Hukumu ikatoka, tulipe wote wawili, na gharama za kesi juu.

Wakili wa kampuni alinifuata nje. Amesema wanakubali malipo ya kila mwezi kwa sharti moja: barua ya mwajiri wako, yenye mhuri, inayosema umeajiriwa na unalipwa kiasi gani, ili wakate huko huko. Iwe mezani kwao ifikapo tarehe thelathini na moja Desemba. Isipofika, wanamtuma dalali wa mahakama.

Dalali ameshakuja kuandika orodha. Gari wameshalivuta, hilo hesabu limekwenda, na halikupunguza kitu. Akaandika viti, redio, kabati. Akafika kwenye mashine akaizunguka. Nikamwambia hiyo ndiyo mkono wangu. Akasema vifaa vya kazi vya mtu mwenye leseni huachwa, leseni iko wapi? Nani anakata leseni ya kufumia ukumbini kwake? Akaandika, "mashine ya kufuma, moja, nzima."

Sweta zimefika sitini na mbili. Nyuzi za mkopo ziko kwenye magunia. Wakiichukua, shule haitasubiri, mwenye nyuzi hatasubiri, na Mama sijui nitamwambia nini. Sina ujanja mwingine. Tafuta hiyo barua.

Dada yako

1 Desemba

Dada yangu, shikamoo.

Barua yako nimeipata juzi. Jana asubuhi nikaenda ofisi ya kambi, nimeoga, nimechomekea shati. Karani akapekua daftari lake mara mbili. Akasema jina langu halimo.

Sikukuelewesha vizuri, au sikutaka. Mimi sijaajiriwa na kampuni ya handaki. Mimi ni wa Honi. Kampuni inamlipa Honi kwa watu arobaini, yeye anatugawia mkononi Jumamosi. Kwa kampuni, mimi sipo hapa. Nimechomelea miezi tisa vyuma vinavyoshikilia mlima na kwenye karatasi hakuna mtu kama mimi. Nikamwendea Honi aniandikie yeye, akacheka, akasema yeye hana mhuri, ana mdomo.

Ihamishe mashine, Dada. Ipeleke kwa mwalimu jirani usiku, funika na magodoro. Wakija waambie imeuzwa. Mara hii moja, sema uongo. Mimi nitaendelea kumsumbua karani. Kuna kitu amenidokeza, ila sitaki kukuahidi kitu halafu kiwe kesho nyingine.

Mama asijue.

Mdogo wako

3 Januari

Mdogo wangu,

Mama anaendelea vizuri, usiku anakohoa tu. Amekuuliza mara mbili utakuja lini.

Mashine imekwenda. Walikuja jana saa tatu asubuhi, dalali na wachukuzi wanne. Tarehe thelathini na moja nilikuwa nimekaa kwa wakili mpaka walipofunga ofisi, nikitazama mlango kama vile ungeingia wewe na karatasi mkononi.

Kuihamisha niliihamisha. Nilimwomba mwalimu, akakubali, tukaibeba na mwanawe mpaka kwake tukaifunika. Siku ya pili nikairudisha. Orodha ina saini yangu, na mwalimu ana watoto, wangemkuta nayo wangemfanya mwizi. Na ukweli mwingine ni kwamba kwake nisingeweza kufuma, na bila kufuma nilikuwa nimeificha ya nini? Nikajiambia niongeze sweta kadhaa kabla hawajaja. Nilifika tisini na nane.

Walipokuja nilikuwa katikati ya mgongo wa sweta. Dalali akasema, "Mama, kata uzi." Nikamwomba nimalize ule mstari tu. Akangoja. Nasema ukweli, alingoja, alisimama ameshika kofia. Nilipokata, wachukuzi wakainyanyua.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Alidhani inakwenda kwa fundi. Aliwaambia wapite ubavu, mlango ni mwembamba, wasije wakaikwaruza. Mmoja wao akamjibu, ndiyo mama, tutaangalia. Walipotoka akaniambia hao ni vijana wenye adabu, niwalipe vizuri.

Sijamwambia. Nimekaa ukumbini mahali palepale, sijui nikae wapi kwingine. Mwenye nyuzi anakuja Jumatatu. Shule wamesema watachukua hizo tisini na nane na kukata kwa zilizopungua.

Sikulaumu leo. Sina nguvu hiyo. Nilitaka tu mtu mmoja ajue.

Dada yako

5 Januari

Dada yangu mpenzi, shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu kwa Mama.

Kaa chini kwanza, kisha uangalie ndani ya bahasha. Umeiona? Ina mhuri. Ina nembo. Ina majina yangu yote matatu, na mshahara kwa tarakimu na kwa maneno. Mdogo wako sasa ni mtu anayejulikana na kampuni ya handaki.

Nikueleze ilivyokuwa. Karani alisema hawezi kumwandikia barua mtu asiyekuwepo, lakini anaweza kuniajiri niwepo. Walikuwa wanatafuta wachomeleaji wa kuingia kule ndani kabisa, sehemu ambayo wenzangu wamekataa kwa sababu ya joto. Mkataba ni miaka miwili, na mwaka wa kwanza hauna likizo. Nikauliza, nikisaini leo barua napata lini? Akasema leo. Nikasaini.

Najua tarehe yao imepita. Lori lilikwama kwenye matope siku nane, nusura niende kwa miguu. Lakini nimewauliza wenzangu waliowahi kuwa na kesi, wote wanasema ofisi za serikali haziamki mpaka katikati ya Januari, hakuna dalali anayetoka wiki ya kwanza ya mwaka. Kwa hiyo tumewahi. Dereva nimempa hela ya ziada ailete mpaka mlangoni. Ukiipata, vaa gauni lolote, mpelekee wakili asubuhi hiyo hiyo.

Kuhusu kuja nyumbani, mwandae Mama polepole. Mwambie si mwaka huu. Miaka miwili si mingi, anivumilie, na wewe umwangalie pumzi. Nimewaza nikaona ni bei ya haki. Pesa yako ilininunulia kazi, acha sasa kazi ikurudishie yako.

Usiku wa leo nitalala usingizi wa kweli, wa kwanza tangu Agosti. Wewe endelea kufuma bila wasiwasi, umalize hizo zilizobaki. Mashine yako hakuna mtu atakayeigusa.

Mdogo wako